Bili imepanda na bomba linatoa upepo, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Mi nakaa na wanangu watatu na wapangaji wawili, siku zote tunatumia uniti 12, ikizidi sana 14, sasa mwezi uliopita nimeletewa uniti 41 na wiki nzima bomba lilikuwa linatoa upepo tu! Nimeenda ofisi ya maji wananiambia lipa kwanza ndo ulalamike la sivyo tunakata. Alafu mvua ikinyesha jirani anatapisha choo, uchafu wote unapita mlangoni kwangu. Naomba msaada.
Mama wa watatu, mkoani

JIBU: Marahaba, na pole sana mwanangu. Kabla ya sheria anza na mita. Usiku wakishalala funga mabomba yote, angalia na tenki la choo, kisha kamulike ile mita, ikiwa bado inazunguka ujue kuna sehemu panavuja huko ndani na hapo fundi ndo wa kuita. Ikitulia, basi shida iko kwingine. Na huo upepo usiudharau, maji yakirudi baada ya mgao hewa inatangulia kwenye bomba na kuna mita zinaihesabu kama maji, kwahiyo yaandike hayo, tarehe na masaa, na upige picha namba za mita kila wiki. Unaweza pia kuomba mita ipimwe, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Sasa sheria. Huduma ya maji na majitaka inaongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, iliyofuta ile ya 2009, na ndo hiyo iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira, kwa ndugu zetu wa vijijini. Huko mjini mamlaka ya maji inasimamiwa na EWURA, yaani mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na haiwezi kujipangia bei bila EWURA kuipitisha. Ndo maana nakwambia usibishane dirishani. Maneno ya dirishani hayana ushahidi kabisa, andika barua, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, ambatanisha bili za miezi sita nyuma na zile picha. Humo humo omba ulipe kiasi chako cha kawaida wakati wanachunguza, usiache kulipa kabisa maana hapo ndo unawapa sababu ya kukata. Wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe, peleka malalamiko EWURA, na kama hujui kuandika vizuri kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, kazi yao ni kusimama na watu kama wewe. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA bado kuna Baraza la Ushindani, huko ndo unakata rufaa.

Angalia pia kama kwenye bili kuna mstari wa majitaka. Kama choo chako ni cha shimo na hujaunganishwa na bomba lao, waulize kwa maandishi unalipia nini.

Kuhusu jirani, huyo anahatarisha watoto wa mtaa mzima, kipindupindu kinapita humo humo. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamgusa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, muende wote kwa afisa afya wa kata, tena mvua ikiwa inanyesha ili akute yanatiririka.

Wakikujibu barua nitumie nakala, tuiandike pamoja ya EWURA.