Barua kwa Mwanangu Anayetaka Ndege ya Plastiki ya Kuunganisha

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima, mamako anakusalimu sana, na mwembe wa nyuma mwaka huu umezaa hadi tawi moja limelalia ukuta wa jirani. Swali lako nimekaa nalo siku nne. Uliniandikia hivi: "Baba, usiku wa huku ni mrefu na nikitoka zamu usingizi hauji. Nataka kuunganisha ndege ndogo ya plastiki kama zako, ya kivita, ya kisasa. Dukani kuna Su-30 kubwa ya 1/32, kuna F-16 ya 1/72, na kuna Typhoon. Nichukue ipi?" Ukaongeza kwamba mwenzako wa kazini, mtu wa Entebbe, anakushikilia Su-30 kwa sababu Uganda wanazo.

Ningeweza kukupigia simu nikakutajia sanduku moja, yakaisha. Nimeona heri nikuandikie, maana ukielewa ninavyochagua, sanduku la pili na la tatu utajichagulia mwenyewe.

Nianze na hiyo Su-30, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukukatisha tamaa. Ndege yenyewe ina urefu wa karibu mita 22 na mabawa yake yanatanda karibu mita 15. Gawanya kwa 32, maana 1/32 ni ndege halisi iliyopunguzwa mara 32: unapata kitu cha sentimita 68 kwa 46. Kabla hujaulizia bei, chukua futi ya kushonea uipime meza yako, kisha upime kabati utakaloiweka ikikamilika. Chumba chako nimekiona kwenye picha. Ikikaa hapo, wewe utalala wapi?

Nami nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Unalikumbuka sanduku refu lililokuwa juu ya kabati letu kule South B, ambalo mlikuwa mkikatazwa kuligusa? Ndani yake mlikuwa na Su-27 ya 1/32. Niliinunua kwa pesa za likizo za miaka miwili. Nilimaliza chumba cha rubani, nikamaliza injini moja, kisha vipande viwili vya kiwiliwili vikakataa kukutana. Nilipaka pati ya kuzibia mianya, nikapiga msasa, nikapaka tena, wiki baada ya wiki. Jioni moja nilifunga sanduku nikasema nitarudi. Sikurudi, na kwa karibu miaka mitatu sikugusa ndege nyingine yoyote. Hicho ndicho ninachokiogopa kwako. Pesa hutafutwa zikapatikana. Ile hamu ya kukaa mezani ikiondoka, huchelewa sana kurudi.

Huyo mwenzako mwambie nampa heko kwa kuipenda ndege ya kwao, lakini aangalie vizuri. Uganda ilinunua Su-30MK2 sita, na za kwanza zilifika Entebbe mwaka 2011. Hizo hazina vile vibawa vidogo vya mbele, karibu na rubani. Su-30SM ya Warusi wenyewe na Su-30MKI ya India zinavyo. Sanduku la Zvezda, kampuni ya Urusi, la 1/72 ninalolijua ni la Su-30SM, kwa hiyo ukiliunganisha na kulipaka rangi za Entebbe, mtu anayeijua ndege ile ataona kosa kabla hajaketi. Anayeitaka ya Uganda atafute sanduku lenye kalibu (umbo ambamo plastiki humiminwa) ya Su-30MKK, ile ya Wachina, kwa kuwa MK2 ni ya ukoo huo. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku halitoshi. Soma herufi ndogo zinazolifuata, maana ndizo zinazokuambia ni ndege gani hasa.

Sasa skeli. Watu wengi hudhani 1/72 ni namba iliyookotwa tu. Chanzo chake ni hesabu ya Waingereza: futi sita ni inchi 72, kwa hiyo mtu wa futi sita anakuwa na urefu wa inchi moja. Kwa kipimo hicho ndege ya kivita ya injini moja, kama F-16, inakuwa na sentimita 21, yaani inalala kwenye kiganja na vidole. Ya 1/48 inafika sentimita 31. Watu wa 1/48 watakuambia kwamba huko ndiko uhondo uliko, kwamba vitufe vya chumba cha rubani vinaonekana, na ni kweli. Mimi mwenyewe siku hizi natengeneza za 1/48 kwa ajili ya macho. Lakini kwa mkono unaoanza, wenye meza moja ya kulia chakula na kuunganishia ndege, 1/72 inatosha. Makosa yake ni madogo, rangi inayotumika ni kidogo, na unaweza kuifunika kwa sahani wageni wakija.

Kuhusu F-16: ukiipata ya Tamiya, kampuni ya Kijapani, ile F-16CJ ya 1/72, nakuhakikishia hutajuta. Nimeijenga mara mbili. Kuna mahali kwenye bawa ambapo nilikiweka kipande kavu, bila gundi, nikainua ndege yote na kipande hakikuanguka. Mimi niliyekaa uwanja wa ndege wa Wilson miaka 27 nikipiga ribiti za mabati ya ndege, najua ni kazi kiasi gani kufanya vipande viwili vikutane hivyo. Wajapani wale wa Shizuoka wanaipa kalibu heshima. Hata hivyo jihadhari: kwenye mlolongo huohuo wa 1/72, Tamiya wamewahi kuuza ndani ya masanduku yao ndege zilizotoka kwenye kalibu za Italeri, kampuni ya Italia. Sanduku jipya si lazima liwe na kalibu mpya ndani. Hili liko kwa makampuni karibu yote. Kalibu ya miaka arobaini iliyopita huvishwa picha mpya ikarudi dukani inang'aa. Muulize muuza duka kalibu ni ya mwaka gani. Akikosa jibu, mwombe afungue akuonyeshe.

Na akifungua, tazama mistari ya mabati, ile inayoonyesha bati moja linapokutana na jingine. Kwenye kalibu za zamani mistari hiyo imeinuka kama uzi uliobandikwa. Kwenye mpya imechimbwa. Iliyochimbwa ni bora, ila angalia kina na upana wake. Hapa ndipo kazi yangu ya zamani inaponisumbua, mwanangu. Mfereji wa nusu milimita kwenye 1/72 maana yake ni mwanya wa sentimita 3.6 kwenye ndege halisi. Mkono wa mtoto unaingia! Ndege yenye mwanya huo nisingeitia sahihi iruke. Mabati ya ndege ya kweli yanakutana hadi ukucha unapita bila kukwama, na ribiti zimelazwa kichwa. Kwa hiyo mstari mwembamba usioonekana kwa mbali ndio mstari wa kweli, hata kama ule mpana unapendeza kwenye picha.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeshaamua kukuandikia "chukua F-16" na kufunga barua. Kisha nikausoma ujumbe wako tena. F-16 umeitaja mara moja. Su-30 umeitaja mara mbili, moja kwa mdomo wa mwenzako. Typhoon umeitaja mara tano. Umeniambia zinavyopita juu ya Elgin, huko kwenu Scotland, asubuhi ukirudi nyumbani, kwamba vioo vya dirisha vinatetemeka, na kwamba siku ya kwanza ulisimama barabarani ukaniwaza mimi nimekubeba mabegani siku ya Jamhuri, F-5 za Nanyuki zinapita na wewe umeziba masikio huku unacheka.

Basi chukua Typhoon.

Ichukue ya 1/72. Itakuwa na sentimita 22, na mabawa 15. Revell wa Ujerumani wanayo, Hasegawa wa Japani wanayo pia. Ya Hasegawa ina bei zaidi. Ukimudu, chukua hiyo; usipomudu, ya Revell itakufundisha. Hakikisha ni ya kiti kimoja, ile ambayo Waingereza wanaiita FGR4, maana ndizo zinazopita juu ya kichwa chako. Kambi ya jeshi la anga ya Lossiemouth haifiki kilomita 10 kutoka hapo ulipo, na Typhoon zilihamia hapo mwaka 2014 kutoka Leuchars. Kikosi cha 1 na Kikosi cha 6 ndivyo vilivyohama, kwa hiyo tafuta sanduku ambalo stika zake ni za kimoja kati ya hivyo viwili. Namba ya mkiani itaanza na ZJ au ZK. Siku moja huenda ukasimama nje ya ua wa kambi ukaiona namba uliyoibandika kwa mkono wako ikiondoka ardhini.

Kuna jambo linalokupendelea: Typhoon ya Uingereza ni kijivu kimoja karibu mwili mzima, wakati F-16 inataka kijivu cha aina mbili. Utapaka kwa brashi pana, rangi ya maji, tabaka jembamba, unasubiri ikauke, unapaka tena kwa kukatiza ulikotoka. Rangi za mafuta ziache mpaka upate chumba chenye dirisha la kufunguka. Na vipande vyote, kabla ya lolote, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana vinatoka kiwandani na mafuta ya kalibu na rangi haishiki.

Itakapokujaribu ni kwenye mdomo wa kuvutia hewa, ule ulio chini ya tumbo unaofanana na mtu anayetabasamu. Kwa ndege za jeti hapo ndipo vipande hukutana vibaya, na mwungano unaonekana ndani kabisa ambako msasa haufiki. Paka ndani yake rangi nyeupe na uusawazishe mwungano kabla hujaufunga. Ukiufunga kwanza, umechelewa. Vile vibawa vya mbele viache vya mwisho kabisa, la sivyo utavivunja kwa kiwiko, kama nilivyovunja mimi. Kioo cha rubani kikiwa na mstari mwembamba katikati, usidhani kina kasoro. Kioo kilichotuna hivyo hakitoki kwenye kalibu ya vipande viwili, hutaka cha tatu, na vinapokutana kovu hubaki. Lipitishie msasa laini sana wenye maji, kisha usugue kwa dawa ya meno na kitambaa mpaka king'ae. Maelekezo yakikutaka uweke uzito puani, usiruke hatua hiyo, ndege itakaa kwa mkia. Mimi hutumia chubwi za wavuvi kutoka soko la samaki hapa Old Town, na huko pwani yenu hazitakosekana.

Gundi iwe nyembamba, ya chupa yenye brashi. Shikanisha vipande kwanza, kisha gusa kwenye mwungano, gundi itakimbia yenyewe ndani. Usiipake kama siagi.

F-16 ya Tamiya iwe ya pili. Utakapoifungua, baada ya kuhangaika na mdomo wa Typhoon, utaelewa nilichosema kuhusu wale watu wa Shizuoka.

Mimi hapa nina F-5E ya 1/48 mezani, naitaka iwe kama zile za Nanyuki. Mabawa yameshika. Bado sijaridhika na kijani chake, kila nikichanganya kinakuwa kama cha matatu.

Kibanio changu kidogo, kile cha chuma chenye ncha iliyopinda ulichokuwa ukikiiba kunyofolea miiba, nimekifunga kwenye kitambaa. Mtoto wa shangazi yako anasafiri kuja London tarehe 14 na amekubali kukitia kwenye posta akifika. Usinunue kingine. Na ukishalinunua sanduku, nipigie picha ya ubavuni, palipoandikwa kwa herufi ndogo, kabla hujakata kipande hata kimoja.

Baba yako