Mluzi Katika Redio ya Lori

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori la mizigo, na kazi yangu ni baina ya Eneo la Viwanda na bohari za Mlolongo. Ninatumia redio ya CB (redio ya raia wa kawaida ya kuzungumziana) ya volti 12 kuzungumza na madereva wenzangu, na hivi karibuni fundi alinifungia amplifaya ya wati 100, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, kati ya redio na antena. Kwa kuwa lori ni la volti 24, aliongeza na kifaa cha kupunguza volti. Tangu hapo nasikia mluzi unaopanda na kushuka kila ninapokanyaga mafuta, pamoja na mlio wa kukwaruza usiokoma hata injini ikizimwa. Wenzangu nao wanalalamika kwamba sauti yangu imevunjika na ina mvumo. Nimeshauriwa ninunue kichujio cha kelele. Je, kitanisaidia? (Dereva, Embakasi)

JIBU: Ndugu dereva, kichujio kisubiri kwanza. Barua yako inataja kelele tatu, na huenda kila moja ina chanzo chake. Mluzi na mkwaruzo unavisikia wewe unapopokea. Mvumo na sauti iliyovunjika vinasikika kwa wenzako unapozungumza. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu katika amplifaya nyingi za aina hii, unapopokea, rilei ya ndani (swichi inayoendeshwa na umeme) huiunganisha antena na redio moja kwa moja, na sehemu ya kukuza hukaa bila kazi. Ikiwa amplifaya yako ina swichi ya kukuza mawimbi yanayoingia, izime sasa hivi, kwani hukuza kelele sawasawa na inavyokuza sauti ya mwenzako.

Lisimamishe lori mahali palipo wazi, mbali na nyaya za stima, kisha uwashe redio injini ikiwa imezimwa. Chomoa waya wa antena nyuma ya redio na usikilize, ila usibonyeze maiki hata kidogo antena ikiwa nje, maana redio inaweza kuungua. Mkwaruzo ukibaki vilevile, basi unaingia kwa nyaya za umeme. Ukitoweka, unaingia kwa antena. Washa injini na urudie jaribio hilohilo kwa ajili ya mluzi. Mluzi unaofuata mwendo wa injini kwa kawaida hutoka kwenye alternata, mashine inayochaji betri, na mara nyingi humfikia dereva kwa sababu redio imechukua umeme kwenye fyuzi za dashibodi, ambako taa, wipa na feni vyote vinagawana waya mmoja. Vuta nyaya mbili, chanya na hasi, kutoka kwenye betri zenyewe, na uweke fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani usilete moto. Mluzi ukiendelea baada ya hapo, fundi wa umeme wa magari aikague alternata, kwa kuwa diodi moja iliyokufa ndani yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inatosha kuleta kero yote hiyo.

Kwa mkwaruzo usiokoma, mshukiwa wangu wa kwanza ni kile kifaa cha kupunguza volti. Vingi vya kisasa hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya ukataji huo hupanda hadi kwenye masafa ya redio yako, yaliyo karibu na megahezi 27. Kipime kwa kuazima betri ya volti 12: weka redio kwenye betri hiyo peke yake, kisha uondoe umeme kwenye kile kifaa kabisa. Kukiwa kimya, umempata mkosaji. Ikiwa mkwaruzo unabaki, chomoa chaja ya simu, taa za LED na vifaa vingine vya ziada kimoja baada ya kingine huku ukisikiliza. Ninakusihi usikubali fundi akwepe tatizo kwa kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili za lori. Betri moja itazidi kudhoofika na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na mwishowe utanunua zote mbili.

Sasa tuje kwenye malalamiko ya wenzako, na hapa ndipo amplifaya inapohusika hasa. Amplifaya inayotoa wati 100 hula takriban ampea 15 hadi 20. Ikiwa kifaa chako cha kupunguza volti kimeandikwa ampea 10, volti huanguka kila unapotamka neno, na mvumo na kukatika kwa sauti huzaliwa papo hapo. Waya nao una sehemu yake. Waya wa milimita 2.5 za mraba, ukienda mita 5 na kurudi mita 5, hupoteza karibu volti 1.5 kwenye ampea 20. Ule wa milimita 6 za mraba hupoteza kama volti 0.6. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kupunguza volti kikae karibu na amplifaya, ili safari ndefu kutoka kwenye betri iwe ya volti 24, ambako mkondo ni mdogo. Pima volti pale nyaya za umeme zinapofungwa kwenye amplifaya yenyewe huku mwenzako akibonyeza maiki na kuzungumza. Kipimo cha redio ikiwa kimya hakikuonyeshi chochote.

Volti zikiwa imara na sauti bado imevunjika, angalia antena. Pima SWR (kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena) kwanza amplifaya ikiwa imeondolewa, kisha uirudishe na upime kati yake na antena. Lenga chini ya 1.5. Ikifika 3, robo ya nguvu inarudi nyuma, na nguvu inayozunguka kwenye nyaya ndani ya kebini huweza kuingia kwenye maiki na kutoka tena kama mvumo. Malori mengi yana kebini inayokaa juu ya mipira, hivyo haigusani vizuri na fremu, na antena iliyofungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni hukosa mguu wa kusimamia, yaani chuma cha gari kinachoikamilisha. Legeza boliti ya kishikio hicho, ukwangue rangi chini yake hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo kuzuia kutu, halafu uunganishe kebini na fremu kwa mkanda mfupi na mpana wa shaba iliyosukwa. Mwulize fundi pia kama alifungua redio na kuongeza nguvu ya maiki. Amplifaya inayolishwa kupita kipimo chake huvunja sauti hata kila kitu kingine kikiwa sawa.

Kuna jambo lingine ambalo hukuuliza, lakini siwezi kulinyamazia. Amplifaya inayovunja sauti haiishii kwenye chaneli yako, bali hutoa pia mawimbi ya masafa yanayozidisha yale ya asili. Kwa mfano, chaneli ya 19 iko kwenye megahezi 27.185, ukizidisha kwa nne unapata 108.74, ndani ya masafa ya megahezi 108 hadi 112 yanayotumiwa na mitambo inayoongoza ndege kutua. Wewe unapita Barabara ya Mombasa, karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta. Marekani, ambako redio hizi zilianzia, kikomo cha chaneli hizo kwa sauti ya AM ni wati 4, na amplifaya za nje zimepigwa marufuku. Hapa kwetu vifaa vya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nawe unapaswa kuwauliza kuhusu idhini kabla ya kuirudisha amplifaya hiyo kazini. Kwa maoni yangu, antena iliyofungwa vizuri kwa wati 4 itakufaa zaidi kwa safari ya Embakasi hadi Mlolongo.

SWALI: Redio yangu ya CB iko nyumbani, nayo huvuma kila jioni tu. Je, amplifaya itaushinda mvumo huo? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Amplifaya itakufanya usikike mbali zaidi, lakini wewe hutawasikia wenzako vizuri zaidi. Iendeshe redio kwa betri, kisha uzime swichi kuu ya stima. Mvumo ukikoma, chanzo kimo nyumbani mwako, pengine ni balbu ya LED au chaja ya bei rahisi. Washa kimoja kimoja hadi ukipate. Usipokoma, tembea nje na redio ndogo ya AM iliyowekwa mahali pasipo na stesheni, na ufuate upande ambako mngurumo unazidi. Ukikufikisha kwenye nguzo ya stima, usiiguse wala kuigonga. Wapigie Kenya Power na uwaeleze nguzo hiyo iko wapi.