Kona ya Dereva: Coaster yetu ya kulala inachemsha Kitonga tu

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mimi na mume wangu tuna Coaster ya zamani yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo. Mwaka jana tuliigeuza kuwa gari la kulala, tukaweka kitanda, jiko la gesi, friji na tangi la maji la lita 200, tunawakodisha wageni wanaoenda mbuga ya Ruaha. Sasa inachemsha. Morogoro mpaka Mikumi haina neno, tunafika Ruaha Mbuyuni mshale wa joto bado umetulia, ila tukianza tu kupanda Kitonga unapanda na wenyewe, katikati ya mlima uko kwenye nyekundu na wageni wanaanza kuangaliana. Tukipaki dakika kumi unashuka, na maji hayapungui. Fundi kang'oa themostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta, hali ile ile, sasa anasema ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, tuandae milioni na nusu. Huko nyuma gari hii ilikuwa ya abiria Morogoro–Iringa na haikuwahi kuchemsha. Tumpe hela? Nimeambatanisha picha.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, hela ibaki kwanza kwenye pochi, maana hicho ulichomalizia nacho kina uzito kuliko yote. Watu watakwambia ni mzigo, mmejaza vitu vingi. Hapana. Gari hii ilikuwa inaupanda mlima huo huo ikiwa na abiria zaidi ya 25 na mabegi yao na magunia juu, tangi lenu likijaa ni kilo 200, sawa na watu watatu tu, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo swali langu ni je, mlipoigeuza mligusa nini upande wa mbele?

Nimekuza picha yako. Kwanza mmefunga bul-baa, yale mabomba ya kukinga mbele, na taa nne kubwa zimekaa mbele ya grili kabisa, zinaziba karibu nusu ya rejeta. Pili chini ya injini kuna bamba jipya la chuma kutoka bampa mpaka kwenye gia boksi, naamini mliwekewa ili vumbi la mbugani lisiingie. Na kama kawaida ya mafundi wa bodi, nahisi kava la injini pale katikati ya viti nalo limewekewa godoro na kapeti ili kupunguza kelele. Sasa hewa ikipita kwenye rejeta inatokea wapi? Wengi tunafikiria hewa kuingia tu, ila isipopata pa kutokea haiingii, na kwenye Coaster ilikuwa inatokea hapo chini mlipoziba. Kwenye tambarare kwa spidi 80 upepo unajisukuma wenyewe kwahiyo husikii shida, Kitonga uko spidi 25 nyuma ya lori, injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote na upepo wa kusaidia hakuna, hapo anayebeba kila kitu ni feni.

Ndio maana kitu cha kwanza kumuuliza mwenye gari ni inachemsha WAKATI GANI, siyo inachemsha tu. Ikichemsha dakika chache baada ya kuwaka, shika themostati au maji hayapo. Ikichemsha kwenye foleni na ikitembea inapoa, shika feni. Ikichemsha mlimani kama yako ni hewa, feni au rejeta iliyoziba ndani. Gasketi ya hedi mara nyingi haingoji mlima, itakula maji, itasukuma maji kwenye chupa ya akiba, na asubuhi injini ikiwa ya baridi ukiwasha tu mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu ndani ya dakika moja mbili kabla hata maji hayajapata moto. Fanya hicho kipimo kesho asubuhi, ni bure, ubinye huo mpira kwa mkono. Ukiwa laini, mwambie fundi akapime na ile dawa ya bluu inayobadilika rangi ikikutana na moshi wa injini ndani ya maji, ndipo aongee habari za milioni.

Alafu feni. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe kwa mkono. Inatakiwa ikukatalie kidogo, izunguke kwa uzito na isimame. Ukiisukuma ikazunguka raundi tatu nne kama pangaboi basi ile klachi ya feni, inayoikamatisha feni na injini, imekufa, mafuta yake ya silikoni yamevuja, chungulia katikati utaona vumbi jeusi lililoganda. Na kava la plastiki linalozunguka feni lipo? Mafundi wengine wakishalifungua hawalirudishi, wanakwambia halina kazi, wakati bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Rejeta yenyewe, chukua tochi usiku, mmoja amulike kutoka upande wa injini na mwingine achungulie mbele. Mimi niliwahi kuchungulia moja iliyotoka mbugani nikaona giza tupu, tulipoitoa kulikuwa na mbegu za nyasi na wadudu vimeshikana kama mkeka kati yake na kondensa ya AC, ile rejeta ndogo ya AC iliyo mbele yake, na mwenye gari alikuwa kashanunua pampu ya maji mpya! Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ukiosha kutokea mbele unazidi kushindilia. Kuziba kwa ndani ni kitu kingine, hicho kinaletwa na maji ya kisima yenye chumvi, unakipima kwa ile bunduki ya kupimia joto, ukipitisha kwenye rejeta ikiwa ya moto na ukakuta mabaka ya baridi katikati, pale maji hayapiti.

Kuhusu themostati irudisheni jamani. Kwenye injini nyingi ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji isiyopita kwenye rejeta, ukiitoa hiyo njia inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila hata kupita kwenye rejeta, yaani umeongeza tatizo. Badilisheni na kifuniko cha rejeta, ni bei ndogo. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, kule maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, presha ya kifuniko ndiyo inayoyapeleka zaidi ya 110 kabla hayajachemka. Kikiwa hakishiki presha mnachemsha chai mapema.

Ningekuwa mimi, wiki hii ningefungua lile bamba la chini, nikashusha zile taa, nikapanda Kitonga kwa gia namba mbili injini ikizunguka vizuri (usiiburuze na gia kubwa, feni na pampu vinazunguka taratibu). Mshale ukitulia umempata mchawi wako, bamba mlitoboe matundu makubwa kwa nyuma na taa zihamie juu ya paa. Usipotulia rudi kwenye feni.

SWALI: Kaka, ikichemsha njiani nizime papo hapo au niiache iungurume?
Dereva, Mbeya

JIBU: Inategemea maji yapo au hayapo. Ukiona mvuke au maji yanamwagika chini zima hapo hapo. Kama ni mshale tu umepanda, paki pembeni, toa gia, zima AC, fungulia hita mpaka mwisho hata kama utaoga jasho, kanyaga mafuta kidogo tu feni izunguke, mshale ukishuka ndio uzime. Kifuniko usikiguse kabla ya nusu saa, nimeona mtu ameungua kifua chote kwa sababu ya haraka. Na ukiongeza maji injini iwe imepoa, halafu iwashe na umimine kidogo kidogo, maji ya baridi kwenye hedi kavu ya moto inapasuka na hapo ndio utaitafuta milioni na nusu kweli.