Kabichi ya zambarau kugeuka bluu sufuriani

Dada wa Kirumba aliyeuliza kama kabichi yake ya zambarau iligeuka bluu sufuriani kwa sababu ya dawa za shambani: siyo dawa, ni hayo magadi uliyotia. Zambarau ile ni anthosianini, rangi inayoyeyuka kwenye maji na kubadilika kufuatana na uchachu. Ikikutana na ndimu au siki inakuwa nyekundu-waridi, ikikutana na magadi inakuwa bluu, na magadi yakizidi inaingia ukijani na kuishia njano.

Kwa kabichi ya nusu kilo, tia kijiko kimoja cha chakula cha siki au maji ya ndimu mwanzoni kabisa, kabla ya moto kukolea. Maji kidogo tu, maana rangi inakimbilia kwenye mchuzi. Dakika tano zinatosha. Sufuria ya aluminiamu siyo nzuri hapa: siki inaila, na madini yake yanaweza kuivuta rangi kwenye ubluu. Tumia ya enameli au chuma cha pua. Iliyokuwa bluu tayari ikamulie ndimu, itarudi. Ya njano usihangaike nayo, rangi imeshavunjika.

Juisi ya rozela ina anthosianini pia, ila rozela ni chachu yenyewe ndiyo maana inabaki nyekundu. Bilinganya rangi iko kwenye ganda tu, ukilimenya umeitupa.

Bitiruti usiihesabu kwenye kundi hili. Rangi yake ni ya aina nyingine, betalaini, ndimu haiigeuzi hivyo. Adui wake ni moto mrefu. Ichemshe na ganda lake, usikate kikonyo hadi kwenye nyama, rangi isivujie majini.