Kabla ya rufaa, kuna siku ya kusikiliza adhabu

Kaka yangu amehukumiwa kunyongwa mara mbili kwa kosa moja. Mara ya kwanza jaji hakuwa na hiari, sheria haikumwachia adhabu nyingine kwa kosa la mauaji. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, ikasema ulazima huo unakiuka Katiba. Nyumbani tulishangilia kama ameshaachiliwa. Hatukuelewa kwamba kilichoondolewa ni ulazima, adhabu yenyewe ipo. Kesi ikarudi ili apangiwe adhabu upya, na jaji akampa ileile.

Wewe mwenye ndugu gerezani, tafadhali usirudie kosa letu. Tulifika mahakamani watu tisa, tukakaa kimya. Wakili akasema mteja wake anajuta na anaomba huruma, akaketi. Vyeti vya useremala ambavyo kaka alivipata gerezani vilikuwa kwenye mkoba wa mama, ndani ya mfuko wa nailoni visije vikalowa. Havikutoka humo.

Mahakama ya Rufaa haianzi upya. Katika rufaa ya adhabu haiulizi tena kama aliua. Inatazama kama jaji alikosea kanuni, aliacha jambo zito, alizingatia lisilohusika, au adhabu imepita kiasi. Yote hayo inayatafuta kwenye rekodi. "Jaji atalaumiwaje kwa kutozingatia vyeti ambavyo hakuonyeshwa?" wakili wetu wa pili aliniuliza. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo siku ya kusikiliza adhabu semeni kila kitu: umri wake alipotenda kosa, kama ndilo la kwanza, kama alikiri, majuto, tabia yake gerezani, dalili za kurekebika. Mahakama ya Juu yenyewe iliyataja hayo. Afisa wa probesheni, anayemwandikia jaji ripoti kuhusu mshtakiwa, akija, mpelekeni kwa wanaomjua kweli, hata jirani msiyesalimiana naye. Akitaka kusikia familia ya marehemu, mwacheni awasikie; nao wamefiwa. Tajeni pia muda wa rumande, maana mkipata kifungo cha miaka, kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Criminal Procedure Code) kinataka uzingatiwe.

Notisi ya rufaa ni ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Msisubiri nakala ya mwenendo wa kesi ndipo muiandike.

Sisi tuliokolewa na ripoti ya probesheni. Ilikuwa kwenye faili, kurasa nne, na hukumu haikuigusa hata kwa mstari mmoja. Wakili aliwasomea majaji watatu aya moja tu, ile ya mkuu wa karakana ya gereza. Kifo kikawa miaka 30 tangu siku aliyokamatwa. Mama alihesabu kwa vidole pale kwenye ngazi, akakosea, akaanza tena.

Na kama ndugu yako alihukumiwa kwa wizi wa mabavu, usimlipe mtu anayekuahidi kesi ya Muruatetu. Maelekezo ya Mahakama ya Juu ya tarehe 6 Julai 2021 yalisema wazi kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake.