Usinunue rangi kabla hujakaa shambani

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema umepakua picha 40 za vijijini, utazichora ukiwa chumbani kwako Mbagala, na unauliza utumie habodi (ule ubao mwembamba wa kuchorea) au kanvasi (kitambaa cha kuchorea), na bei uweke ngapi. Salamu baadaye. Njia hiyo nimeipita mimi na ilinila 1,800,000/=.

Mwaka 2019 nilipata oda ya picha 12 za wakulima wa mpunga, Kilombero. Dalali aliyeniletea kazi akaniambia: "Usihangaike na nauli, mteja hajui tofauti. Weka mbuyu, jua jekundu, akina mama wenye kanga, imeisha hiyo." Nikamwamini. Nikakopa kwenye kikoba, nikanunua kanvasi, rangi na fremu, nikajifungia miezi miwili.

Kumbe mteja kazaliwa Ifakara. Alisimama mbele ya ile niliyoipenda kuliko zote: akina mama wanavuna, maji magotini, mpunga kijani kibichi. Akaniuliza kwa upole, "Kijana, mpunga mbichi unavunwa?" Nikakosa la kusema. Akasogea kwenye ya pili, jua linachomoza nyuma ya milima ya Udzungwa. "Huko ndiko linakotua." Ya tatu ilikuwa na mbuyu katikati ya majaruba. Hakufika hata ya sita. Oda ikafa, na dalali, aliyekwisha kula malipo ya awali, hakupokea tena simu yangu. Yule mtu ananiuma mpaka leo. Hakuchora hata mstari mmoja, marejesho nimelipa mimi mwaka mzima.

Nilikwenda baadaye, mwezi wa sita, na daftari na penseli tu. Siku tatu nimekaa kwenye tuta. Mpunga ulioiva hauna rangi moja: suke limeinama na ni la dhahabu, jani la juu bado lina ukijani uliochoka, shina chini limeshakuwa kahawia. Udongo umekauka, nyufa zake zinaingia kidole. Na wale akina mama niliowachora wamejipinda kama upinde? Mgongo unabaki umenyooka kama ubao, kinachokunja ni kiuno. Shamba la jirani lilichelewa kuiva, watoto wako juu ya dungu wanaamia ndege, wanavuta kamba zilizofungwa makopo, na kundi la kwelea kwelea linainuka lote kwa pamoja kama moshi. Picha ipi ya mtandaoni ingekupa hayo?

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa wanyama aliyeanzisha mtindo wa tingatinga, alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akakulia kijijini kabla ya kuja kupaka rangi zake kwenye habodi hapa Dar. Leo tunanakili nakala za nakala zake, halafu tunashangaa wanyama wetu hawana uhai.

Kanuni yangu ni moja na siipunguzi: kurasa 20 za penseli ukiwa umekaa mahali penyewe, ndipo uguse rangi. Kama nauli ya mbali huna, kutoka Mbagala kwenda Mkuranga si safari. Mikorosho ipo, mihogo ipo. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, kaa chini ya mkorosho mmoja tangu asubuhi mpaka kivuli kihamie upande wa pili, chora huo huo mmoja. Ukirudi weka kurasa zako hapa tuzione. Ya habodi na kanvasi tutaongea siku hiyo.