Mwatiko aliyechubuka asiongezwe chumvi

SWALI: Nafuga samaki aina ya mwatiko katika bwawa la maji ya bahari huku Bagamoyo. Kila nikihamisha vifaranga kwa wavu, siku ya pili au ya tatu nakuta vingine vimekufa, ubavuni magamba yamebanduka. Jirani anayefuga perege kanishauri nivitie kwenye maji yaliyoongezwa chumvi. Nifuate?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Usifuate. Kwa perege, jirani yako amesema kweli: damu ya perege ina chumvi kuliko maji ya bwawa lake, hivyo akichubuka chumvi humtoka. Mwatiko wako ni kinyume. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na damu yake ina kama theluthi ya hapo. Maji yanamtoka kutwa kucha, hasa kwenye mashavu, yaani matamvua anayopumulia. Anafidia kwa kunywa maji ya bahari, kisha seli za mashavu zinaisukuma chumvi nje.

Ngozi kazi yake ni kuziba. Tazama gamba kwa karibu: halikubandikwa juu kama kigae, limepandwa ndani ya ngozi, na juu yake umepita utando mwembamba wa seli hai wenye ute. Gamba likibanduka, utando unachanika nalo. Hapo maji yanavuja na chumvi inaingia kuliko mashavu yanavyoweza kuitoa. Kifaranga kinakauka kikiwa majini.

Kwa hiyo hamisha alfajiri, kwa wavu laini usio na mafundo. Lowesha mikono na beseni kwanza, na uvichote pamoja na maji yake. Kuvinyanyua vikining'inia wavuni ndiko kunakovichuna. Vilivyochubuka vitie kwenye tangi lenye lita 20 za maji ya bwawa, kisha ongeza lita 20 za maji baridi ya kisima, yaani yasiyo na chumvi, kidogokidogo kwa saa kadhaa, pampu ya hewa ikifanya kazi. Bwawa likiwa na chumvi kama ya bahari, itashuka hadi gramu 17 au 18 kwa lita, na mzigo wa mashavu utapungua sana. Mwatiko anahimili, maana hata mitoni huingia, lakini samaki aitwaye changu usimjaribie. Maji ya bomba yenye klorini yasitumike yakiwa mabichi, yanaunguza mashavu.

Vikichangamka na kula, rudisha chumvi taratibu kwa siku mbili tatu. Ila pima bwawa kwanza: wakati wa kiangazi hukolea kupita bahari yenyewe. Likizidi gramu 35, ngoja bamvua, bahari inapojaa sana, ubadilishe maji ndipo uvirudishe.